Cheti cha kifo toka Majdanek: wakati banki inajibu kwa kunyamaza



Hakuna mutu kati yetu asiyejua ile sentensi ya gishe: «Dosiye yako iko juu, rudi wiki ijayo.» Makato yamepita mara mbili kwenye mushahara, ama feza imetumwa na haikufika, ama mama ana kitabu cha akiba cha zamani na hakuna anayetaka kukisoma. Unaandika barua. Wiki inapita, mwezi unapita. Hakuna mutu anasema hapana, na hakuna mutu anasema ndiyo. Wengi wetu tunafikiri ile ni uvivu wa biro, ama ni tabia ya Kongo peke yake. Historia inatuonyesha kitu kingine. Kunyamaza kunaweza kuwa kazi iliyopangwa, na kulipangwa ata katika inchi ile dunia nzima inaisifu kwa saa zake na kwa utaratibu wake, Uswisi.

Nataka tupite pamoja katika dosiye moja iliyochukua zaidi ya miaka 50. Kisha tutarudi kwetu, kwa sababu ile dosiye ina mulango unaoingia mpaka Kinshasa.

1. Baba nyuma ya waya

Katika miaka ya 1930, familia nyingi za Kiyahudi za Ulaya ya kati na mashariki zilikuwa na woga. Hitler alichukua utawala Ujerumani mwaka 1933. Mwenye duka, mwenye kiwanda, avoka, munganga, kila aliyekuwa na akiba alijiuliza: nitaificha wapi? Jibu la wengi lilikuwa Uswisi. Inchi ile haikuwa inaingia katika vita, feza yake ilikuwa ngumu, na sheria ya banki ya mwaka 1934 ilifanya siri ya konti kuwa kitu ambacho mutumishi akikivunja anaweza kufungwa. Kwa mutu aliyeogopa kunyanganywa mali na serikali ya Nazi, ile siri ilikuwa kama blanketi wakati wa baridi.

Mumoja wa wale watu alikuwa Jozef Sapir, mutu wa feza na biashara toka Warsaw. Vita ilipofika, familia ilikimbilia Ufaransa, na baba akakamatwa. Binti yake, Estelle Sapir, alisimulia baadaye kwamba mara ya mwisho kumuona baba ilikuwa kwenye waya wa kambi moja kusini ya Ufaransa. Pale baba alimwambia asiogope, feza iko, na akamutajia banki. Mwaka 1943 Jozef Sapir alikufa Majdanek, kambi ya mauaji ya Wanazi karibu na muji wa Lublin, Polandi.

Vita ikaisha. Mwaka 1946 Estelle akaenda Genève, kwenye banki ya Credit Suisse. Alikuwa na karatasi inayoonyesha kwamba baba aliweka feza pale. Kwa ushuhuda wake, mutumishi aliingia ndani, akatoka na dosiye yenye jina la baba yake, kisha akamuomba kitu kimoja: cheti cha kifo.

Simama hapo kidogo. Cheti cha kifo toka Majdanek. Ni ofisi gani ya Majdanek ingeandika kile cheti? Wauaji walikuwa wanachoma watu, hawakuwa wanawapigia watoto wao kashe kwenye karatasi. Estelle alirudi mara nyingi, na jibu lilibaki lile lile. Yeye mwenyewe alieleza kwamba banki za Uingereza na za Ufaransa ambako baba aliweka feza zilimulipa bila shida kubwa. Kwa hiyo kulipa kulikuwa kunawezekana, vita au si vita.

2. Banki ilikuwa na haki ya kuuliza, lakini...

Tuwe wa haki. Banki haiwezi kumupa kila anayekuja feza ya mutu mwengine. Kama mimi nikienda kesho kwenye gishe na kusema «konti hii ni ya marehemu mujomba wangu», banki lazima iulize mimi ni nani, na iulize kama mujomba amekufa kweli. Ile inalinda konti yako na yangu pia. Mwenye kusimamia akiba ya watu na asiyeuliza maswali ni mutu wa hatari.

Lakini kuna swali linalotafuta ukweli, na kuna swali linalofunga mulango. Swali linalotafuta ukweli linakubali njia zaidi ya moja: kama hauna cheti, leta ushahidi wa kambi, leta mashahidi, leta hukumu ya tribinali inayosema mutu huyu amepotea. Swali linalofunga mulango linachagua karatasi ile moja ambayo hauwezi kupata, na linabaki pale pale. Mwenye kuuliza anaonekana mutu wa utaratibu, na mwenye kuulizwa ndiye anaonekana mwenye kukosa. Njo ujanja wake.

Na ile siri ya konti ambayo iliwavuta wenye mali, sasa iligeuka ukuta mbele ya watoto wao. Wengi hawakujua ata jina la banki. Walijua paka kwamba baba alisema «Uswisi». Walipoandika barua kuuliza, walijibiwa kwamba bila namba ya konti na bila jina kamili la banki, hakuna kinachoweza kutafutwa. Banki zingine ziliomba malipo kwanza kwa kazi ya kutafuta.

3. Mwaka 1954: kunyamaza kunaandikwa

Kwa miaka mingi banki zilisema ile ilikuwa tu matatizo ya kila siku: karatasi zimepotea, watumishi wamebadilika, sheria ni kali. Mwezi wa 12 mwaka 1996 bunge la Uswisi lenyewe liliunda tume ya wana-historia, chini ya profesa Jean-François Bergier, na likaipa haki ya kuingia katika arshive za banki. Ripoti ya mwisho ilitoka mwezi wa 3 mwaka 2002.

Ile tume ilikuta kwamba mwaka 1954 ba avoka wa banki kubwa walikutana na kukubaliana namna moja ya kuwajibu warizi. Sheria ya Uswisi ilisema banki inalazimika kutunza karatasi miaka 10 tu. Basi wakapatana: mutu akiuliza habari ya feza iliyopita miaka 10, hatujibu, tunasema sheria hailazimishi tena. Na walikubaliana hivyo ata pale ambapo karatasi zilikuwa bado ziko kwenye rafu na jibu lingepatikana.

Soma tena ile tarehe. Vita iliisha 1945. Mwaka 1954 ni karibu miaka 10 kisha. Aliyekuja mwaka 1946 aliambiwa alete cheti. Alipokuwa angali anatafuta cheti, miaka 10 ikatimia, na mulango wa pili ukafungwa. Mutu hakuambiwa kamwe «feza yako haipo». Aliachwa asubiri mpaka kusubiri kwenyewe kukawa sababu ya kumukatalia.

Na wakati anasubiri, konti haikuwa imelala kweli. Banki iliendelea kukata malipo ya kutunza konti, mwaka kwa mwaka. Konti ndogo, ile ya mwalimu ama ya mushona nguo, ilikatwa mpaka ikafika ziro, kisha ikafungwa. Maskini alipoteza mbele ya tajiri, ata ndani ya banki moja.

4. Mwaka 1962: jibu la nusu

Musishangae, serikali ya Uswisi haikukaa kimya kabisa. Kwa sababu ya presha ya inchi za inje na mashirika ya Kiyahudi, mwaka 1962 ilitoa sheria ikilazimisha banki na wengine wenye kushika mali kutangaza konti za wageni ambao hawajasikika tangu vita na ambao inaonekana waliteswa kwa sababu ya rangi, dini ama siasa. Kwa kusikia, ni kitu kizuri sana.

Lakini nani alikuwa anatafuta? Banki yenyewe. Nani alikuwa anaamua kama jina fulani ni la mutu aliyeteswa? Banki yenyewe. Nani alikagua kisha? Karibu hakuna. Mwisho wa ile kazi, kilichotangazwa hakikufika faranga za Uswisi milioni 10 kwa inchi nzima. Kisha faili ikafungwa, na kwa miaka 30 kila aliyeuliza alijibiwa kwamba kazi ilishafanyika.

Hapa kuna kitu ba diplomé tunapashwa kukielewa vizuri. Kitu cha hatari kuliko kunyamaza ni uchunguzi wa nusu. Aliyenyamaza bado unaweza kumuuliza. Aliyefanya uchunguzi wa nusu anakuonyesha ripoti, na wewe njo unaonekana mutu wa fujo.

5. Nini kilibadilika?

Kati ya mwaka 1995 na 1998 mambo yaliyoshindikana miaka 50 yakatembea katika miaka mitatu. Si kwa sababu banki zilipata roho mupya. Ni mambo matano yaliyokutana.

La kwanza, watu walisema mbele ya wote. Mwezi wa 4 mwaka 1996, mama mumoja mwenye asili ya Rumania, Greta Beer, alikaa mbele ya komisyo ya banki ya Seneti ya Marekani, iliyoongozwa na seneta Alfonse D'Amato. Alieleza namna baba yake alivyowaambia kwamba feza ya familia iko salama Uswisi, na namna yeye na mama yake walivyozunguka kutoka banki moja mpaka ingine bila kupata kitu. Estelle Sapir naye alisimulia habari yake. Mutu mumoja kwenye gishe ni kero. Mutu mumoja mbele ya Seneti na kamera ni mambo ya dunia.

La pili, hesabu ya banki ikawekwa mwangani, na watu wakaipima. Mwezi wa 2 mwaka 1996, chama cha banki za Uswisi kilitangaza kwamba kimekuta konti 775 zilizolala, zenye faranga milioni 38.7. Mwaka 1962 karibu kila kitu kilikuwa eti kimekwisha tangazwa. Sasa zile zilikuwa zimetoka wapi? Na mwezi wa 7 mwaka 1997 banki zilitangaza katika magazeti ya inchi nyingi majina zaidi ya 1,700 ya wenye konti tangu wakati wa vita. Watu walifungua gazeti asubui na kukuta jina la baba ama la mama. Kumbe miaka yote jina lilikuwa linaweza kupatikana.

La tatu, mulinzi wa usiku. Mwezi wa 1 mwaka 1997, Christoph Meili, kijana aliyelinda jengo la Union Bank of Switzerland katika muji wa Zürich, alikuta vitabu na karatasi za zamani katika chumba cha mashine ya kukatakata. Wiki chache tu mbele, sheria ilikuwa imekataza kuharibu karatasi za namna ile. Akachukua zingine, na zikafika kwa jamii ya Wayahudi ya Zürich, kisha kwa polisi. Banki ilisema ni makosa ya mutunza arshive. Meili alipoteza kazi, akatishwa, na mwaka ule ule Marekani ikamupokea yeye na familia yake kwa sheria ya pekee. Hakuwa avoka wala profesa. Alikuwa mulinzi aliyejua kwamba karatasi ikishakatwa, hakuna tribinali itakayoirudisha.

La ine, ukaguzi ulitoka mikononi mwa mukaguliwa. Mwezi wa 5 mwaka 1996 banki na mashirika ya Kiyahudi walikubaliana juu ya komite chini ya Paul Volcker, aliyewahi kuongoza banki kuu ya Marekani. Komite ilituma wakaguzi wa inje ndani ya banki zaidi ya 250. Ripoti yao ya mwezi wa 12 mwaka 1999 ilisema: kati ya 1933 na 1945 kulikuwa konti karibu milioni 6.8, karatasi zilizobaki zilikuwa za konti karibu milioni 4.1, na kati ya zile, konti 53,886 zilikuwa na dalili ya kuwa za watu walioteswa na Wanazi. Weka pembeni ya ile namba 775 ya mwaka 1996. Si uchawi. Ni tofauti kati ya kujitafutia mwenyewe na kutafutwa na mwengine.

La tano, kulikuwa tarehe, na tarehe ilikuwa na bei. Tangu mwezi wa 10 mwaka 1996, warizi walishitaki banki kwa pamoja katika tribinali ya Brooklyn, New York, mbele ya juji Edward Korman. Kwa pamoja: mashitaka yalikuwa ya kundi zima, si ya mama mumoja mwenye avoka mumoja. Na mwezi wa 7 mwaka 1998, wakubwa wa feza wa jimbo na wa muji wa New York walitangaza kwamba tangu tarehe 1 ya mwezi wa 9 wataanza kupunguza kazi na banki za Uswisi. Tarehe 12 ya mwezi wa 8, siku 20 mbele ya ile tarehe, UBS na Credit Suisse zilikubali kulipa dola milioni 1,250.

Estelle Sapir alipatana na Credit Suisse mwaka ule wa 1998, miaka 52 kisha siku ile ya Genève. Mwaka 1999 akafariki.

6. Haki ilifika, lakini ilifika kwa nani?

Mutu anaweza kusema: basi, mwisho walilipwa. Ndiyo, kuna waliolipwa, na sehemu kubwa ya ile feza, mpaka dola milioni 800, ilitengwa kwa wenye konti na warizi wao. Lakini kumbuka zile konti karibu milioni 2.7 ambazo karatasi zake hazipo tena. Juu ya zile, hakuna mukaguzi wala juji anayeweza kusema kitu. Na kumbuka wale waliouliza mwaka 1950 na kufa mwaka 1970. Watoto wao wengine hawakujua ata kwamba kulikuwa kitu cha kuuliza.

Komite ya Volcker pia ilisema kitu ambacho hatupashwi kuficha: haikukuta ushahidi wa mupango wa banki zote kuharibu karatasi za wateswa ama kuwaibia kwa makusudi. Ilikuta banki zingine zilizodanganya, na zingine nyingi ambazo hazikujali tu. Kwangu mimi ile njo sehemu ya kutisha kabisa. Hauhitaji watu wabaya wengi. Unahitaji watumishi wanaofuata barua ya mufano, mukubwa asiyeuliza, na saa inayotembea. Muda hauko katikati. Muda unasimama upande wa yule anayeshika feza.

7. Mulango wa Kinshasa

Sasa turudi nyumbani. Sisi pia tunajua saa inayokula akiba, na kwetu ilikula mbio kuliko Uswisi.

Mwaka 1967 Mobutu alipoleta zaïre kama feza, zaïre moja ilikuwa dola mbili. Wazazi wetu na babu zetu waliweka akiba kwenye banki na kwenye kesi ya akiba wakiamini ile hesabu. Kisha bei zikaanza kukimbia. Mwezi wa 10 mwaka 1993 serikali ilileta zaïre mupya: moja mupya kwa milioni 3 za zamani. Mwaka 1994 bei zilipanda zaidi ya asilimia 9,000. Tarehe 30 ya mwezi wa 6 mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo: moja kwa zaïre mupya 100,000.

Chukua karatasi, tufanye hesabu. Mama alikuwa na kitabu chenye zaïre milioni 1. Mwaka 1993 ile imekuwa theluthi moja ya zaïre mupya. Mwaka 1998 ile theluthi gawanya kwa 100,000. Unapata faranga 0.0000033. Hakuna chapa ndogo ya kutosha kuiandika kwenye kitabu. Kwa hiyo mama aliyeambiwa mwaka 1992 «rudi kisha», na akarudi kila mwezi kwa uaminifu, hakuhitaji kukataliwa. Banki ingeweza ata kumulipa yote, mpaka makuta ya mwisho, kwa sheria kabisa, na mama arudi nyumbani mikono mitupu. Penye bei zinakimbia, kuchelewa njo jibu.

Na kuna dosiye ingine, ile inayounganisha Kinshasa na Uswisi moja kwa moja. Mwezi wa 5 mwaka 1997, mwaka ule ule Meili alipookota karatasi, utawala wa Mobutu ulianguka, na Uswisi ikafunga mali yake iliyokuwa kule, pamoja na nyumba kubwa ya Savigny karibu na Lausanne. Watu walizungumzia mamilioni elfu ya dola. Kilichobaki kimefungwa katika banki kilikuwa karibu faranga za Uswisi milioni 7.7.

Ata ile kidogo, Kongo haikuipata. Ili irudi kwa raia, ilihitajika kesi yenye nguvu, na serikali yetu isukume dosiye kwa wakati. Dosiye haikusukumwa vile ilipashwa. Miaka ikapita. Uswisi yenyewe ilirefusha kifungo mara na mara, ikingoja. Mwishoni waliosimamia mashitaka ya Uswisi wakasema muda wa kisheria wa kufuatilia yale makosa umeisha, ile ba juriste wetu wanaita preskripsioni. Mwezi wa 7 mwaka 2009, tribinali ya Bellinzona ikatupa ombi la mwisho, na feza ikaachiliwa kwa familia ya Mobutu. Mwaka ule mutoto mumoja wa Mobutu, Nzanga Mobutu, alikuwa anakaa katika serikali ya Kinshasa.

Uswisi iliona haya. Mwaka 2010 bunge lake likapitisha sheria mupya ya kurudisha mali ya viongozi waliopora inchi zao, ata pale inchi yao imeshindwa kufuatilia, na sheria ikaanza kazi mwezi wa 2 mwaka 2011. Sheria ilikuja kisha feza ya Kongo imekwisha toka. Wengine walifaidika na soma letu.

Angalia vile mambo yamegeuka. Katika dosiye ya kwanza, banki ilikuwa inachelewesha na warizi wanangoja. Katika dosiye ya pili, mwenye kudai, yaani inchi yetu, njo alichelewa, na muda ukafanya kazi yake vile vile. Muda haujali nani ana haki.

8. Tunabeba nini?

Tangu 2011 mishahara ya serikali ilianza kupita banki. Leo mwalimu wa Uvira, munganga wa Kolwezi na kijana anayetuma feza kwa simu Bunia, wote wako na konti mahali. Kwa hiyo ile historia si ya Ulaya tu. Si kusema kila banki ni mwizi. Nyingi zinalipa, na kuna watumishi wa gishe wanaojisumbua kweli kwa ajili ya mutu. Lakini ile miaka 50 inatupa mambo manne ya kushika.

Moja, neno la mudomo halina tarehe. Andika barua, peleka kopi mbili, na kopi yako ipigwe kashe na tarehe. Siku ile njo saa yako inaanza kutembea, si saa yao tu. Estelle Sapir alikuwa na karatasi ya baba yake; bila ile, hakuna ambaye angekumbuka jina lake.

Mbili, wakiomba karatasi ambayo haiwezekani, usirudi nyumbani na aibu. Uliza kwa maandishi: kama hii haipo, mutakubali nini pahali pake? Jibu lao, ama kukosa jibu lao, vyote viwili ni ushahidi.

Tatu, tafuta wenzako. Makato ya ajabu hayaangukii mutu mumoja. Barua moja ya mutu 40 wa shule moja inasomwa kuliko barua 40 zilizolala kwenye droo 40. Na ikipanda kwa mukaguzi, yaani Banki Kuu ya Kongo, inapanda na uzito.

Ine, uliza ba avoka mapema muda wa kisheria wa dosiye yako ni miaka mingapi, na uuandike kwenye ukuta. Usingoje kuambiwa umechelewa na yule aliyekuchelewesha.

Wazee wetu walisema haraka haraka haina baraka, na katika mambo mengi wana haki. Lakini ile mezali ilisemwa kwa anayepika, anayelima, anayejenga. Haikusemwa kwa anayedai. Kwa anayedai kuna ingine: ngoja ngoja yaumiza matumbo. Warizi wa Ulaya waliijua miaka 50, na raia wa Kongo waliijua mwezi wa 7 mwaka 2009, siku faranga milioni 7.7 zilipotoka Uswisi bila kupita kwetu.